Mahudhurio ya kidijitali yanapogoma mlangoni: dalili, sababu na tiba

Simu ikigoma kusoma msimbo wa QR, ule mraba wa vijiraba vyeusi na vyeupe, ukumbi ukiwa mtupu, ni kero ndogo tu. Ikigoma huku watu mia mbili wamesimama foleni, msimamizi anaanza kubonyeza kila kinachobonyezeka, mwenzake anazima na kuwasha kompyuta, wa tatu anapaza sauti "piteni tu, tutaandika baadaye", na jioni hakuna anayejua nani alihudhuria. Nimekaa kwenye meza hiyo ya mlangoni matukio mengi, kuanzia mihadhara ya wazi hadi mabaraza ya wanafunzi, na malalamiko nimeshayakariri. Nimeyapanga kwa dalili, kama wanafunzi na wasimamizi wanavyoyasema. Kila dalili inaanza na sababu inayotokea mara nyingi, kisha zinafuata zile za nadra.

Kabla ya kugusa chochote

Jiulize: amekwama mmoja au wamekwama wote? Akikwama mmoja ilhali waliomtangulia wamepita, tatizo liko kwenye simu yake, kadi yake au akaunti yake. Mwombe akae pembeni kidogo, foleni iendelee. Wakikwama wote kwenye mlango mmoja, kagua kifaa cha mlango huo. Wakikwama wote kwenye milango yote, ni mtandao, fomu ya mahudhurio ambayo msimbo huifungua, au seva (kompyuta inayopokea majibu), na hapo kufutafuta lenzi za watu ni kupoteza muda.

Weka mezani karatasi ya akiba yenye safu tatu: namba ya usajili, jina, saa ya kuingia. Mpe pia mtu mmoja kazi ya kuhesabu vichwa, kwa kibonyezo cha kuhesabia au hata kwa vijistari vya kalamu. Wengi huiona kazi hii kama ushamba, kwamba tuna mfumo, kuhesabu kwa mkono kwa nini? Kwa sababu mfumo unahesabu skani, hauhesabu watu. Bila idadi iliyopatikana nje ya mfumo, huwezi kujua kama umekosea, achilia mbali umekosea kwa kiasi gani.

"Simu inautazama msimbo, haisomi"

Anza na simu. Lenzi yenye mafuta ya vidole ndiyo mkosaji wa kwanza, na inafutika kwa pindo la shati. Kama ni mwanafunzi anayeonyesha msimbo wake kwenye kioo cha simu ili wewe uuskani, mwambie aongeze mwanga wa skrini hadi mwisho na azime hali ya giza. Baadhi ya programu hugeuza rangi na msimbo ukatoka mweupe juu ya weusi, na visomaji vingine havielewi msimbo uliogeuzwa. Kioo kilichopasuka si lazima kiwe tatizo. Mwambie aukuze msimbo kidogo au ausogeze sehemu isiyo na mipasuko.

Ikiwa ni simu nyingi zinazoshindwa kusoma bango moja, acha simu, kagua bango.

Kosa kubwa la mabango ni ukubwa. Kanuni ya kazi ni kwamba umbali wa kuskani ni kama mara kumi ya upana wa msimbo. Msimbo wa sentimita 3 unasomeka vizuri kwa sentimita 30, yaani mtu lazima ainame mezani. Unayetaka usomeke na aliyekaa mita 20 kutoka kwenye projekta unapaswa kuwa na upana wa mita 2 pale ukutani. Watu huubandika pembeni ya slaidi kama stempu ya barua, halafu wanashangaa safu za nyuma zinanyanyuka kwenda mbele.

Kosa la pili ni mng'ao. Karatasi ikishawekwa plastiki ya kung'aa na kutundikwa chini ya taa, kamera inaona mstari mweupe unaokata msimbo katikati. Inamisha bango, hamisha meza, au chapisha upya kwenye karatasi ya kawaida. Nakumbuka tukio moja tulilohangaika karibu nusu saa, tukibadilisha simu moja baada ya nyingine, hadi mwanafunzi mmoja aliyekuwa kwenye foleni akasimama tu kati ya bango na taa. Kivuli chake kilipoangukia karatasi, simu zote zikasoma.

Kosa la tatu ni msimbo wenyewe kubana. Msimbo wa QR, uliobuniwa Japani mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, huongeza miraba kadiri maandishi yanavyoongezeka: mdogo kabisa una miraba 21 kwa 21, mkubwa kabisa 177 kwa 177. Ukiingiza kiungo kirefu cha fomu chenye herufi mia mbili, unapata kitu kama mchanga uliomwagika, na simu za zamani hazikiwezi. Fupisha kiungo kwanza, kisha tengeneza msimbo.

Zinazobaki ni za nadra kidogo, ila huwa zinatokea. Mbunifu amekata ukingo mweupe ili bango lipendeze. Msimbo unahitaji nafasi tupu ya upana wa miraba minne kila upande. Au nembo ya chuo imewekwa katikati na imefunika sehemu kubwa. Msimbo una uwezo wa kujirekebisha kwa viwango vinne, L, M, Q na H, vinavyovumilia uharibifu wa takriban asilimia 7, 15, 25 na 30. Ukitaka nembo, chagua H, na nembo iwe ndogo. Au picha ya msimbo imepita grupu tatu za ujumbe kabla ya kuchapishwa, kila grupu ikaibana, kingo za miraba zikawa ukungu. Chapisha kutoka kwenye faili la asili.

"Msimbo umesomeka, lakini ukurasa haufunguki"

Hapa kamera imemaliza kazi yake, mwache.

Sababu ya kawaida ni kwamba simu imeunganishwa kwenye Wi-Fi ya chuo lakini mtu hajaingia kwenye ukurasa wa kuingizia jina na nenosiri. Alama ya Wi-Fi inaonekana, intaneti hakuna. Mwambie azime Wi-Fi na atumie data ya simu kwa dakika moja. Ikifunguka, umeshajua.

Inayofuata ni ruhusa za fomu. Kwenye Google Forms, fomu iliyotengenezwa kwa akaunti ya chuo inaweza kuwa imefungiwa watu wa taasisi hiyo tu, na mwanafunzi anayetumia barua pepe yake binafsi anakutana na ujumbe kwamba anahitaji ruhusa. Ukiwasha kikomo cha jibu moja kwa kila mtu, lazima aingie kwenye akaunti. Ukiweka swali la kupakia faili, vilevile. Aliyeitengeneza fomu haoni tatizo lolote kwa sababu yeye tayari yumo ndani ya akaunti, na ndiyo maana atakuambia "kwangu inafunguka" kwa uhakika kabisa. Ijaribu kwenye simu ya mtu mwingine, nje ya akaunti ya chuo, siku moja kabla.

Kagua pia kama fomu bado inapokea majibu. Kuna kitufe cha kuruhusu na kuzuia majibu, na nimeona kikizimwa na msimamizi mwenza aliyedhani anafunga ile ya wiki iliyopita.

Ya nadra, lakini ikitokea haina dawa ya papo hapo: msimbo ulitengenezwa kwenye tovuti inayotoa misimbo ya kubadilikabadilika. Misimbo hiyo haielekezi kwenye fomu yako, inaelekeza kwenye seva ya hiyo kampuni, ambayo ndiyo humpeleka mtu kwenye fomu. Muda wa majaribio ukiisha, kiungo kinakufa, na mabango hamsini yamekufa nacho. Ukiona skani inafungua ukurasa wa matangazo au wa kulipia, usiendelee kuwaambia watu wajaribu tena. Ondoa mabango, andika kiungo kifupi cha fomu ubaoni, kisha uchapishe msimbo wenye kiungo chenyewe ndani yake.

Kama ukurasa unafunguka lakini kamera ndani yake haiwaki, angalia vitu viwili. Vivinjari huruhusu kamera kwa tovuti ambazo anwani yake inaanza na https tu. Na kiungo kilichofunguliwa ndani ya programu ya ujumbe hufunguka kwenye kijivinjari cha humo humo, ambacho mara nyingi hakina ruhusa ya kamera. Fungua kwa kivinjari halisi cha simu.

"Inafanya kazi, ila foleni haisogei"

Kabla ya kulaumu mtandao, piga hesabu. Mtu mmoja akichukua sekunde 10, watu 400 kwenye mlango mmoja ni sekunde 4,000, zaidi ya saa nzima, hata mtandao ukiwa wa radi. Kwa milango minne ni kama dakika 17. Mara nyingi kinachohitajika ni meza ya pili na kupunguza maswali kwenye fomu. Jina, namba ya usajili, basi. Maswali ya "umesikiaje kuhusu tukio hili" yasubiri watu wakishakaa.

Hesabu ikikubali na bado pole pole, Wi-Fi ya ukumbi imeelemewa. Mkondo wa 2.4 GHz, mmoja wa mikondo ya masafa ya Wi-Fi, una chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, na kila simu iliyomo ukumbini inazigombania hata kama mwenyewe haitumii. Weka vifaa vya mlangoni kwenye 5 GHz, au bora zaidi kwenye data ya simu ya peke yake. Ruta ndogo nazo huishiwa anwani, zile namba ambazo kila simu hupewa ili iingie mtandaoni: kwa mpangilio wa kawaida zina nafasi zisizozidi 254, na simu inayofika nafasi zikiwa zimekwisha inabaki "inapata anwani ya IP" bila kikomo. Ukiona maneno hayo, kuwasha upya ruta kutakupa nafuu ya dakika chache tu. Kuongeza idadi ya anwani au kugawa mtandao ni kazi ya watu wa TEHAMA. Usiingie kwenye mipangilio ya ruta ya chuo kwa nenosiri ulilopewa na rafiki.

Sababu ya tatu ni joto. Kishikwambi kilichowekwa juani kwa saa mbili kinapunguza mwanga wa skrini, kinapunguza kasi, kisha kinazima. Kipeleke kivulini, kitoe kava, usikiweke kwenye jokofu. Betri ikivimba, kioo kikaanza kunyanyuka au mgongo wa kifaa ukabinuka, hapo acha kabisa. Usikichaji, usikibonyeze kirudi, usikitoboe. Kizime, kiweke mahali pasipo na vitu vya kushika moto, mwite fundi.

"Kadi inagusa, kisomaji kinalia, jina halitokei"

Visomaji vingi vya USB ni kibodi tu iliyojificha. Kadi ikigusa, kisomaji "kinaandika" namba na kubonyeza Ingiza, na namba inaandikwa popote kasa ya kompyuta (kile kistari kinachomwekamweka unapoandika) ilipo. Ikiwa kuna dirisha jingine limejitokeza mbele, namba zinaenda huko. Niliwahi kukuta mlinda mlango akitabasamu kila kadi inapolia, na kompyuta yake ikituma namba za wanafunzi, moja baada ya nyingine, kwenye mazungumzo yake na mama yake. Mama alikuwa amejibu mara tatu akiuliza kama kuna usalama. Bofya ndani ya kisanduku cha mahudhurio, funga madirisha mengine yote, zima arifa.

Kama kasa iko sawa na mfumo unasema kadi haijulikani, uliza kama mwanafunzi amebadilishiwa kadi karibuni. Kadi mpya ina namba mpya ya ndani hata kama jina na picha ni zile zile, na orodha yako inaweza kuwa ya muhula uliopita.

Kadi zote zikiwa hazijulikani kwenye mlango mmoja tu, linganisha namba. Chukua kadi yako, iguse kwenye visomaji viwili huku umefungua kihariri cha maandishi. Kimoja kikiandika 04A2B3C4 na kingine C4B3A204, kadi ni nzima na visomaji ni vizima, ila kimoja kinaisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kingine kinaweza kuandika kwa tarakimu za kawaida badala ya hexadesimali (namba zinazochanganya tarakimu na herufi A hadi F). Hayo hurekebishwa kwa programu ya mtengenezaji wa kisomaji. Usiwasajili watu upya mlangoni kwa namba iliyogeuzwa, utakuwa na kila mwanafunzi mara mbili hadi mwisho wa mwaka.

Kisomaji kisipolia kabisa, huenda ni masafa. Kadi za zamani za milango hutumia 125 kHz, nyingi za sasa 13.56 MHz, na kisomaji cha aina moja hakiioni kadi ya aina nyingine. Simu yenye NFC (uwezo wa kusoma kadi kwa kuigusa) inasoma za 13.56 MHz tu, tena kwa kugusa karibu, sentimita chache. Na wanaogusa kwa simu badala ya kadi, fahamu kwamba simu nyingi hutoa namba ya nasibu kila mara kwa ajili ya faragha. Mtu yule yule ataonekana mgeni kila tukio. Mfumo unaotegemea namba hiyo hautengenezeki kwa kujaribujaribu. Mpe kadi au mwandike kwa mkono.

Visomaji vilivyofungwa ukutani na kuunganishwa na kufuli la mlango, usivifungue. Pale hamna mahudhurio tu, kuna umeme na kuna njia ya watu kutokea wakati wa moto.

"Programu inasema niko mbali na eneo, na nimekaa hapa hapa"

Mara nyingi mwanafunzi ameruhusu mahali pa kukadiria tu, badala ya mahali halisi. Chaguo hilo lilikuja na iOS 14 ya iPhone mwaka 2020 na Android 12 mwaka 2021, na mtu akishalibonyeza bila kusoma, simu inatoa eneo pana sana. Aingie kwenye ruhusa za programu, awashe mahali halisi.

Kisha kuna paa. Chini ya anga wazi simu inaweza kukosea kama mita 5. Ndani ya ukumbi wa zege, ghorofa ya chini, kosa linaongezeka mara nyingi. Awashe Wi-Fi hata kama haunganishi popote, maana simu hutumia mitandao iliyo karibu kujikadiria. Asogee dirishani, asubiri nusu dakika. Upande wako, panua duara la eneo linalokubaliwa. Anayeweka mita 20 kuzunguka ukumbi anajitafutia ugomvi; mimi sishuki chini ya mita 100, na sitegemei eneo peke yake kuamua nani alikuwepo. Kuna programu za kudanganya mahali, na wanafunzi wanazijua kuliko sisi.

"Vichwa ni 310, mfumo unasema 190"

Idadi ikipungua, sababu ya kawaida haina teknolojia ndani yake: watu waliingia kwa mlango wa pembeni. Ya pili, walioskani lakini hawakubonyeza kitufe cha kutuma. Waliona ukurasa umefunguka wakadhani wamemaliza. Ya tatu ni skani zilizokwama kwenye vifaa vilivyokuwa nje ya mtandao, ambazo nimezielezea mbele.

Ikizidi, yaani vichwa 190 na mfumo 310, toa kwanza marudio. Mtandao ukizubaa, watu hubonyeza "tuma" mara mbili na tatu. Mengine ni walioingia, wakatoka kupokea simu, wakaskani tena waliporudi.

Kisha kuna lile ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema kwenye kikao: picha ya msimbo imepigwa na kutumwa kwenye grupu la darasa, na watu wanahudhuria wakiwa kitandani. Angalia mihuri ya saa. Majibu kumi na tano ndani ya dakika moja, nusu saa baada ya mlango kutulia, ni grupu hilo. Dawa inayosaidia ni msimbo unaobadilika kila baada ya sekunde chache kwenye skrini, au wewe kuskani msimbo wa mwanafunzi badala ya yeye kuskani wako. Hilo la pili linahitaji wasaidizi zaidi, ila kwenye matukio yanayotoa alama au cheti nalipendelea, kwa sababu lazima mtu asimame mbele yako.

Msimbo unaobadilika una ugonjwa wake: unamkataa aliyepo kihalali. Hutokea saa ya kifaa ikiwa imepotoka. Misimbo mingi ya aina hii hutumia utaratibu ule ule wa namba za siri za muda, ambazo kwa kawaida hudumu sekunde 30. Simu iliyowekewa saa kwa mkono, ikachelewa dakika mbili, haitakubaliwa kamwe. Washa saa ya kujirekebisha yenyewe, kwenye simu na kwenye kompyuta inayoonyesha msimbo.

Usimwite mtu mdanganyifu kwa kuangalia lahajedwali la majibu (faili la safu na mistari, kama la Excel) peke yake. Toa orodha ya mashaka, wape nafasi ya kueleza, na uamuzi wa nidhamu uuache kwa wanaohusika nao.

"Muda hauko sawa"

Tofauti ikiwa saa kamili, tatu au saba au nane, kwa kila mtu, ni saa za eneo. Seva inaandika kwa UTC (saa ya rejea ya dunia) au lahajedwali limewekwa kwa nchi nyingine. Badilisha mpangilio wa faili, usihariri mihuri mmoja mmoja.

Tofauti ikiwa saa sita kamili, tafuta Mswahili. Tangazo linasema "saa 2 asubuhi hadi saa 5", aliyepewa kazi ya kuweka muda wa fomu anaandika 2:00 hadi 5:00, na mfumo unafungua mlango usiku wa manane na kuufunga kabla ya jua kuchomoza. Watu wanafika saa mbili, yaani 08:00, wanaambiwa tukio limekwisha. Linachekesha hadi likutokee. Kwenye maelekezo ya wasaidizi andika muda wa saa 24 pembeni ya ule wa kawaida, kila mara.

"Namba za usajili zimeharibika"

Ukiona 0045821 imekuwa 45821, au 2.02401E+12, Excel imefungua faili la CSV (orodha ya maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato) na kuamua kwamba ni namba za kujumlisha. Sufuri za mbele zimetupwa. Namba yenye tarakimu zaidi ya 15 inakuwa mbaya zaidi, kwani tarakimu za mwisho zinageuzwa sufuri, na ukishahifadhi hazirudi. Namba zenye mfano wa 03-12 zinakuwa tarehe. Tabia hii iliwachosha hata wanajenetiki; kufikia mwaka 2020 jeni kama MARCH1 na SEPT1 zilikuwa zimepewa majina mapya kwa sababu lahajedwali zilikuwa zikizigeuza kuwa siku za Machi na Septemba.

Funga bila kuhifadhi. Fungua lahajedwali tupu, leta faili kwa njia ya kuingiza data kutoka kwenye maandishi, na safu ya namba ya usajili uiambie ni maandishi kabla haijaingia. Faili la asili lisiguswe. Nakili, fanyia kazi nakala.

Namba zikiwa nzima na bado fomula ya kulinganisha inasema mtu hayupo, mkosaji ni nafasi tupu mwishoni mwa neno (TRIM inaiondoa), herufi O iliyoandikwa badala ya sufuri, au mkwaju (/) dhidi ya kistari (-). Usikimbilie kulinganisha kwa majina. Mohamed, Mohammed na Muhammad wanaweza kuwa mtu mmoja aliyejaza fomu kwa haraka mara tatu, au watu watatu.

"Niliskani bila mtandao, data hazionekani"

Hapa ndipo watu hupoteza kila kitu kwa kujaribu kurekebisha. Data bado imo ndani ya kifaa kilichoskani, na humo tu. Usifute programu, usitoke kwenye akaunti, usisafishe kumbukumbu ya kivinjari, usisasishe chochote.

Chomeka chaji, unganisha mtandao unaoaminika, fungua programu ile ile kwa akaunti ile ile, uiache wazi kwenye skrini. Simu nyingi husitisha utumaji programu ikifichwa. Tazama kama kuna idadi ya zinazosubiri na kama inapungua. Ikikataa, tafuta kitufe cha kutoa nakala kama faili.

Kama uliskani kwa kivinjari, una haraka zaidi. Dirisha la faragha likishafungwa limeondoka na vyake. Kivinjari cha Safari nacho, tangu 2020, hufuta data iliyohifadhiwa na tovuti ambayo hujaigusa kwa siku saba za kukitumia kivinjari. Idadi isipopungua baada ya saa moja, piga picha ya skrini, kabidhi kifaa kwa watu wa TEHAMA kama kilivyo. Karatasi ya akiba itakutosha kwa usiku huo.

"Mwanafunzi ameona majina ya wenzake"

Hii haisubiri kesho. Sababu ya kawaida ni kile kipengele cha fomu kinachowaonyesha wajibu muhtasari wa majibu, kilichowashwa bila kujua. Inayofuata ni lahajedwali kushirikishwa kwa yeyote mwenye kiungo, kisha kiungo hicho kubandikwa kwenye grupu badala ya kile cha fomu. Kwenye simu viungo hivyo viwili vinafanana sana.

Zima ushirikishaji kwanza. Andika saa uliyogundua na saa uliyozima, piga picha ya mipangilio ilivyokuwa. Usifute faili, maana historia yake ndiyo inayoweza kuonyesha nani alibadilisha nini. Mwarifu anayehusika na ulinzi wa taarifa chuoni siku hiyo hiyo, hata kama ni majina ishirini tu. Ikiwa mfumo wenu hutumia alama za vidole na unashuku zimevuja, usiguse kitu chochote zaidi ya kukata mtandao. Nenosiri hubadilishwa, kidole hakibadilishwi, na kazi hiyo ni ya wataalamu tangu dakika ya kwanza.

Na kabla ya tukio lijalo, fungua kiungo unachotaka kutuma kwenye dirisha la faragha, bila akaunti yoyote, uone mgeni anaona nini.